Mbao za Batiste Baada ya Mafuriko

Katika karakana ya Batiste na mkewe Remei, kusini mwa jiji la Valencia, ubishi ulianza kabla ya kahawa. Batiste alitengeneza magitaa. Remei aliyapaka vanishi kwa kitambaa, tabaka juu ya tabaka. Remei alipenda redio. Batiste alitaka kimya.

"Nitausikiaje ubao na huyo mtu anapayuka?"

"Umeoa ubao au umenioa mimi? Basi ukupikie wali na sungura."

Nyuma yao zilipangwa mbao za msonobari alizonunua marehemu baba yake Batiste. Mbao za gitaa hukomaa polepole, kwa hiyo baba humwekea mwanawe. Huo ndio uliokuwa urithi wao wote.

Jioni moja mafuriko yakaja. Mtaani hapakunyesha hata tone. Maji yalishuka korongoni kutoka milimani, yakavunja mlango. Batiste na Remei walikimbilia ghorofani. Chini, magitaa yaliyokuwa tayari yaliachana kwenye viungo, na mbao za mzee zikazama topeni.

Maji yalipopungua, Batiste alizibeba mbao na tope lake mpaka darini, juu ya paa la nyumba, akaziegemeza juani. Nyingine aliziweka chumbani mbele ya hita.

"Mtu akilowa si huota jua?" alisema.

Siku iliyofuata ubao mmoja ulilia pa! Ukapasuka katikati. Mwingine ulijikunja kama ganda la chungwa. Batiste alikaa juu ya ndoo.

"Basi, Remei. Tuziweke kwa ajili ya moto wa Mtakatifu Yosefu." Kila Machi, katika sikukuu ya msimamizi wa maseremala, watu wa huko huwasha mioto mikubwa. "Nafunga karakana."

Remei aliumia sana. Mume mkaidi alimzoea. Mume aliyekata tamaa hakumjua. Alishuka mbio kwa jirani yao Consol, mwanamke mzee aliyerithi kazi ya kuunda mashua za mashamba ya mpunga.

Consol alipita penye hita, akapanda darini, akatazama, akashika kiuno.

"Nani kafanya ukatili huu?"

"Mimi, shangazi," Batiste alijibu.

"Nilijua. Sikiliza, mwanangu. Sisi mbao za mashua tunazizamisha majini makusudi. Maji hayaui ubao. Kinachoua ni haraka ya kuukausha. Nje ikikauka kabla ya ndani, lazima upasuke."

"Sasa tufanye nini?" Remei aliuliza.

"Kwanza vaeni glavu, tope hili limebeba uchafu wa vyoo. Lisugueni kwa brashi laini na maji safi kabla halijaganda zaidi. Kisha pakeni nta kwenye ncha za ubao, maana hapo ndipo unyevu hutoroka haraka. Zipangeni kivulini, ubao juu ya ubao, na vijiti vya unene mmoja katikati ili hewa ipite. Juu wekeni mawe, zisijikunje. Madirisha wazi. Hita izimwe!"

"Tutajuaje zimekauka?"

"Una mizani ya jikoni? Pima ubao uleule kila wiki. Ukiona uzito haushuki tena, umekauka."

"Itachukua muda gani?" Batiste akauliza.

"Utakaotaka ubao, si utakaotaka wewe."

Walifanya hivyo. Baadhi ya mbao hazikupona. Nyingi zilipona. Kila Jumatatu Batiste aliupima ubao wake kama mtoto kliniki, na Remei akamtania, "Mwanao anapungua, baba!" Jirani mwingine alipoanika meza yake juani, Batiste alitoka na ndara akifoka: "Kivulini! Unataka kuiua?" Remei alicheka mpaka machozi.

Mwaka uliofuata gitaa la kwanza la mbao hizo lilipigwa. Sauti yake ilikuwa nzito na safi. Mpigaji mmoja wa mjini alilinunua palepale, akaagiza jingine.

Siku chache baadaye Remei alimkuta mumewe akipanga mbao mbichi kivulini, na vijiti katikati. Zilikuwa mpya, hata utomvu ulinukia.

"Hizi za nani tena?"

"Za mjukuu wetu."

"Mjukuu gani? Binti yetu hata mchumba hana!"

"Atampata. Mbao hazina haraka."

"Na zitakuwa tayari lini?"

Batiste aliweka jiwe juu, akalisawazisha.

"Mimi nitakuwa nimeshazikwa," alisema kwa furaha. "Hebu nishikie upande huo, mke wangu."