Bingwa Aliyeachwa Kitui

Kila asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma, Kasyoka alikuwa ameshateka maji kwenye kisima kilichochimbwa katika mchanga wa mto mkavu, ameyafikisha nyumbani kwa mama yake, na amerudi mtoni kukimbia. Mchanga huchosha miguu, lakini Kocha Kiema alimfundisha kwamba ndondi huanzia miguuni, si kwenye ngumi.

Kasyoka alikuwa na umri wa miaka kumi na minne. Kwa miaka miwili hakuna msichana wa rika lake aliyemshinda ulingoni, na soko zima la Ikutha lilijua hivyo. Akipita na sare yake ya shule, wauza mbuzi walimwita Bingwa, na mama wa mandazi alimfungia mawili ya moto bila kutaka malipo.

Msichana rafiki yake, Ndinda, hakubanduka kando yake. Walikuwa wamekaa dawati moja tangu darasa la kwanza, na Ndinda ndiye aliyeongoza nyimbo za mashabiki kila Kasyoka alipopigana. Alikuwa na sauti iliyokomazwa na kwaya ya kanisa, sauti ya kupenya kelele zote. Kasyoka alipoisikia nyuma yake, aliona kama mtu amemshika mgongo asianguke.

Shule zilipofungwa, mashabiki walikodi lori wakaenda naye mjini Kitui kwenye mashindano ya vijana wa kaunti za Kitui na Makueni. Katika fainali Kasyoka alikutana na Wangui, msichana mwembamba kutoka Kiboko, Makueni, ambaye wazazi wake walitoka Nyeri wakafungua duka kando ya barabara ya Mombasa. Wangui alipigana kwa mkono wa kushoto. Ngumi zake zilitoka upande ambao Kasyoka hakuutarajia, naye kila alipojikinga alikuwa amechelewa. Raundi ya mwisho ilipokwisha, refa aliinua mkono wa Wangui.

Kasyoka aligeuka kuwatazama watu wake. Wimbo ulikuwa umekatika. Wengine walikuwa tayari wamempa kisogo.

Alioga, akabadilisha nguo, akatoka nje na Kocha Kiema. Lori halikuwepo. Kasyoka alisema huenda wamekwenda sokoni kununua kitu, wangerudi tu. Wakangoja. Vivuli viliporefuka, kocha alimpigia dereva simu. Dereva akajibu kwamba walikuwa wamekwisha kufika mbali. Watu walikataa kungoja, alisema, na msichana mmoja mwenye sauti nzuri ndiye aliyemwambia aondoke, eti bingwa angerudi na kocha wake.

Kasyoka hakuhitaji kutajiwa jina. Usiku ule walilala kwa dada yake kocha, na Kasyoka aligeukia ukuta ili asionekane akilia. Ngumi za Wangui hazikumuuma kama maneno ya dereva yule.

Shule zilipofunguliwa, Ndinda alikuwa amehamia dawati la mbele. Wavulana walimwita Kasyoka bingwa wa kupigwa. Sokoni, wauza mbuzi walijifanya wanahesabu mifugo yao alipopita. Siku moja Kasyoka alimfuata Ndinda nyuma ya darasa akamuuliza kwa nini alifanya vile.

"Watu walikuwa na hasira," Ndinda alisema, macho chini. "Ningefanya nini peke yangu?"

"Ungeshuka," Kasyoka akamjibu.

Jioni hiyo alimrudishia kocha glavu, akasema ameacha ndondi. Kocha Kiema hakumbembeleza. Alimwambia kwamba kama anaacha kwa sababu amechoka, ni sawa. Lakini kama anaacha kwa sababu ya lori, basi amewapa waliomwacha ruhusa ya kumpangia maisha. Kisha akavaa glavu zake za kufundishia, akasimama mbele yake na kutanguliza mkono wa kulia kama watu wa shoto wanavyosimama. Kasyoka akazichukua tena glavu zake, akarudi kujifunza.

Baadaye kocha alitangaza kwamba Wangui amekubali kuja Ikutha kwa pambano la kirafiki. Hapo ndipo uvumi ulipoanza. Ilisemekana majaji wa Kitui walihongwa na wafanyabiashara wa Kiboko. Wauza mbuzi wakaanza kumsalimu Kasyoka tena, wakimpa pole kwa kuibiwa ushindi. Siku moja Ndinda alifika nyumbani kwao akitabasamu.

"Wote wamekurudia," alisema. "Wakikuuliza, wewe itikia tu kwamba uliibiwa. Nitaimba tena."

Kasyoka alikuwa amezitamani nyimbo zile kuliko alivyopenda kukiri. Kuitikia kwa kichwa tu, na mambo yangekuwa kama zamani. Alimuuliza Ndinda ni nani aliyeanzisha habari hiyo. Ndinda aliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka, na Kasyoka akapata jibu.

Siku ya pambano watu walijaa uwanjani. Wangui alipopanda ulingoni, walimzomea. Walimwita mwizi, na mtu mmoja akapaza sauti kwamba arudi kwao Nyeri. Wangui alisimama kwenye kona yake akitazama viatu vyake.

Kasyoka alimwomba mtangazaji kipaza sauti. Mikono ilikuwa ndani ya glavu, kwa hiyo kocha akamshikia.

"Kitui hakuna aliyeniibia," alisema. "Wangui alinipiga kwa mkono ambao sikujua kuuzuia. Alishinda kwa haki. Mimi nililia siku ile, lakini si kwa sababu ya kushindwa. Nililia kwa sababu nilitoka nje nikakuta mmeondoka."

Watu wachache waliguna, wakaondoka. Waliobaki walitazamana kama watu waliokutwa na mali isiyo yao.

Pambano lilikuwa kali. Safari hii Kasyoka aliuona mkono wa kushoto ukija, akaukwepa, akajibu. Hata hivyo Wangui alikuwa mwepesi zaidi katika raundi ya mwisho, na majaji wakampa ushindi mwembamba. Kasyoka alikwenda kumkumbatia. Muuza mbuzi mmoja alianza kupiga makofi, wengine wakafuata, mpaka uwanja mzima ukasimama. Hakuna aliyeimba wala kutaja neno bingwa. Walipiga makofi tu, kwa wasichana wote wawili.

Ndinda aliwakuta kocha na Kasyoka wakifungua bandeji za mikono. Alikiri kwamba ule uvumi ulikuwa wake, kwamba aliona aibu kuimbia mtu aliyeshindwa, na aibu hiyo ilimfanya amwache rafiki yake kwanza, kisha amchafue mgeni. Alikuwa ameshamwomba Wangui msamaha. Sasa alimwomba Kasyoka.

"Nimekusamehe," Kasyoka alisema polepole. "Lakini bado sijakuamini. Hilo litachukua muda."

Ndinda aliitikia kwa kichwa. Kocha Kiema aliwaambia wote wawili waketi.

"Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki," alisema. "Ndinda, shabiki wa kweli hujulikana siku ya kushindwa, kwa sababu siku ya ushindi kila mtu ni shabiki. Na wewe, Kasyoka, ushindi ulikupa watu wa kukushangilia, lakini ulipokwisha, nao waliondoka. Leo umeshindwa ukasema kweli, ukapata heshima. Hiyo hawezi mtu kuipakia kwenye lori akaondoka nayo."