Rafu ya Viatu Vilivyorudi

Asubuhi kwa Meneja huanza kwa nyundo. Ko, ko, ko! Chai haijachemka, lakini shemeji yake amekwisha keti kwenye kigoda. Amebana misumari midogo midomoni na anapigilia soli. Mezani, mke wa Meneja anakata ngozi. Meneja mwenyewe huzunguka, mikono nyuma, akiuliza, "Kazi inaendaje?"

Wakati kisa hiki kinaanza, karakana nzima ilikuwa na watu hao watatu, tena ndani ya chumba cha mbele cha nyumba yao. Cheo cha umeneja alijipa mwenyewe. Mtaa ulicheka, kisha ukakubali.

Walitengeneza viatu vya shule. Ukutani palikuwa na rafu ya mbao, nayo ilijaa viatu vibovu. Kimoja soli imefungua mdomo, kingine kisigino kimelika upande. Vyote vilikuwa vyao wenyewe, vilivyorudishwa na wateja. Utaratibu huo aliuanzisha mke wa Meneja. Kiatu kikirudi, mteja hupewa kingine bila maneno mengi. Kile kibovu hukaa rafuni mpaka wajue kimeharibika kwa nini.

"Hii ndiyo hospitali yetu," shemeji alizoea kutania.

"Hospitali gani? Hii mochari," Meneja alijibu. Hakuipenda rafu hiyo hata kidogo.

Yeye alikuwa na jambo moja rohoni. Alitaka viatu vyao viuzwe katika duka kubwa la mjini. Siku moja alifunga safari na jozi mpya mkononi. Mwenye duka alivigeuzageuza, akavisifu, kisha akauliza, "Lakini nyinyi nani anawajua?" Meneja akachukua viatu vyake. Alirudi nyumbani amenuna.

Jirani yao alimkuta ameshika tama mlangoni. Mama huyu alitengeneza sabuni uani kwake, na mtaa ulimwita Bi Povu.

"Jirani, kulikoni? Umefiwa?"

Meneja akamweleza yote. Bi Povu akacheka.

"Kumbe hamjaingia kwenye tuzo! Kila mwaka kuna tuzo za taifa za biashara bora."

"Aa, hizo ni za wakubwa wenye ofisi za viyoyozi."

"Nani kakwambia? Mimi na masufuria yangu nilishinda mwaka juzi. Kuna kundi la biashara ndogo. Biashara iwe imesajiliwa na inalipa kodi, basi."

"Yetu imesajiliwa, na kodi tunalipa," mke wa Meneja aliitikia kutoka mezani.

Meneja akashusha sauti. "Na yule mtu wa kumwona ni nani?"

"Humwoni mtu yeyote! Kujiandikisha ni bure. Akija mtu akakwambia utoe chochote ili ushinde, huyo tapeli, mfukuze. Unajiandikisha, wanachuja, kisha jaji anakuja kuona kazi. Ukishinda, unaruhusiwa kuweka nembo ya tuzo kwenye bidhaa zako. Mwenye duka akiiona nembo hiyo, hatauliza tena nani anawajua."

"Jaji anaangalia nini?"

"Anaangalia mnavyofanya kazi siku zote. Msijipambe, tafadhali."

Maneno hayo ya mwisho Meneja hakuyasikia. Kwa mawazo alikuwa amekwisha panda jukwaani, anapiga picha.

Walijiandikisha. Wakapita mchujo wa kwanza. Habari ilipofika kwamba jaji anakuja, Meneja hakutulia. Alipaka chumba rangi. Alinunua maua ya plastiki. Alitoa suti yake ya harusi, ingawa tumbo lilikuwa limekua na suti imebaki vile vile.

"Baba, fanya yote," mkewe alimwambia, "lakini rafu yangu iache."

"Mke wangu, mgeni akija nyumbani, unamwonyesha nguo chafu?"

Mkewe alipotoka kwenda kununua uzi, Meneja alitia viatu vibovu vyote guniani. Akalisukuma gunia chini ya kitanda. Rafuni akapanga maua.

Mkewe hakuwahi hata kuuliza, kwa maana alirudi sambamba na jaji. Jaji alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni. Alimsalimu kila mtu. Aliinama akamtazama shemeji akipigilia soli. Alimuuliza mke wa Meneja anavyochagua ngozi, naye akaeleza vizuri. Meneja alitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Kisha jaji akamgeukia yeye. "Kiatu kikiharibika, mteja wenu anafanyaje?"

"Viatu vyetu haviharibiki, mama."

Nyundo ya shemeji ikanyamaza.

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja!"

"Tangu mlipoanza?"

Meneja akavuta suti ifunike tumbo. "Tangu... tulipoanza."

Jaji akafunga kalamu yake. "Nimetembelea biashara nyingi. Ambayo bidhaa yake haiharibiki, sijaiona bado. Asanteni kwa kunikaribisha."

Akaanza kuelekea mlangoni. Meneja akamtazama mkewe, akitegemea kuona hasira. Hasira angeistahimili. Lakini mkewe alikuwa ameinamisha uso, anayatazama yale maua rafuni. Alikuwa anaona aibu kwa ajili ya mume wake. Hilo lilimchoma Meneja kuliko yote. Duka kubwa lilikuwa linamponyoka, na sasa heshima nayo inaondoka nyumbani mwake.

"Mama, subiri! Nimesema uongo."

Akakimbilia chumbani. Akarudi akiburuta gunia, akalimwaga katikati ya chumba. Vumbi likatua juu ya suti.

"Hivi ndivyo vilivyorudi," alisema. Akapiga magoti, akaokota kimoja. "Hiki soli ilifunguka kwa sababu gundi haikukauka. Siku hizi hatushoni mpaka kesho yake. Hiki kilimbana mtoto kidole gumba. Tulibadilisha kalibu, ule mguu wa mbao tunaouvalisha ngozi. Hiki... hiki mbwa alikitafuna, hapo hatuna kosa!"

Shemeji akaangua kicheko. Meneja akaendelea, kiatu baada ya kiatu. Mwenyewe alishangaa. Kumbe alivijua vyote!

Jaji alivaa miwani, akachuchumaa karibu naye. "Sasa mlivificha kwa nini?"

"Niliona aibu. Nilitaka tuonekane bora. Mwenye rafu ni mke wangu. Hakujua kama nimevitoa."

"Kila biashara hukosea," jaji alisema. "Mimi nimekuja kutafuta wanaomsikiliza mteja anaporudi, wakarekebisha. Hebu nianzieni tena. Hiki kilikuwa na tatizo gani?" Akafungua kalamu.

Walishinda! Walipewa tuzo ya huduma kwa wateja, kundi la biashara ndogo. Ukumbini, jina la karakana lilipotajwa, Meneja alisimama kwa nguvu na kifungo cha suti kikaruka. Hakujali. Alimsukuma mkewe mbele akaipokee yeye, naye akabaki nyuma akilia machozi ya furaha. Bi Povu alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Nembo ikagongwa kwenye kila kiatu. Meneja akarudi kwa mwenye duka. Yule bwana aliitazama nembo, akauliza swali jingine kabisa: "Mtaniletea lini?"

Siku hizi karakana ina mafundi wapya. Rafu imehamishiwa mlangoni, kila anayeingia aione. Tuzo inang'aa katikati ya viatu vibovu.

Juzi mteja aliingia na kiatu kilichochanika ubavuni. Meneja alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akampa mteja kipya. Akatazama rafu. Ilikuwa imejaa pomoni.

"Shemeji," aliita, "hebu shusha hiyo tuzo. Kuna mgonjwa anataka kitanda."