Ulezi Aliouona Bwana Shauri

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza, Kalista alikuwa amekwisha kuteka maji mara mbili, kufagia uwanja na kuwafungulia mbuzi. Mbuzi walikuwa kazi ya baba. Tangu baba afungwe, ilikuwa kazi yake. Kisha huyo, mbio mpaka shule ya misheni, visigino vimepasuka kwa baridi ya Julai.

Ulikuwa mwaka 1954, na Kalista alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Baba yake, Kornel, mkulima wa Kasense, alikuwa amehukumiwa miaka miwili kwa kuiba fahali wa Mzee Zubery, mfanyabiashara wa mjini. Siku moja Kalista alimwona baba yake barabarani akivunja kokoto, amenyolewa kichwa chote, amevaa kaptura ya wafungwa. Alitaka kumwita, lakini askari akamfukuza. "Pita huko, mtoto wa mwizi!" Tangu siku hiyo hasira haikumtoka. Alilala nayo na kuamka nayo.

Jumatatu moja Mwalimu Eustaki aliingia darasani na karatasi mkononi. Alikuwa mgeni, mtu wa Karema kule ziwani, na alikuwa amefika Kasense mwaka huo huo.

"Jumapili ni sikukuu ya shule," alisema. "Wazazi watakuja, na Bwana Shauri, yule Mzungu anayeamua kesi bomani, atakuja mwenyewe. Tutaigiza mchezo. Nimeutunga kutokana na kesi ya kweli niliyoisikiliza bomani mwezi wa Aprili. Unaitwa 'Mwizi wa Fahali'."

Darasa zima liligeuka kumtazama Kalista. Mwalimu naye akamtazama, akakohoa kidogo.

"Najua inauma, binti. Lakini majina nitayabadili, na wenzako wataona ubaya wa wizi."

Mtu akikuchoma mwiba kisha akakwambia ni dawa, utamjibu nini? Kalista aliuma midomo na kuyazuia machozi. Wakimtaka alie, basi watangoja sana.

Mchana walianza mazoezi uwanjani. Adolfu, mtundu kuliko wote, alipewa nafasi ya mshtakiwa. Mvulana mwingine akawa shahidi. Shahidi wa kweli alikuwa Beda, mchungaji wa ng'ombe wa Mzee Zubery.

"Mwaka jana mwezi wa Machi," mvulana alisoma, "siku ya pili baada ya sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, nilikuwa nimechuchumaa ndani ya ulezi katika shamba la mtu huyu. Nikamwona akimswaga fahali kuelekea bondeni. Niliogopa kusema. Mwenye mali alipokuja kuwahesabu ng'ombe mwaka huu, ndipo nikasema."

"Hapo," Mwalimu alieleza, "Bwana Shauri alikwenda shambani kuhakikisha. Akaukuta ulezi umefika kiunoni. Akachuchumaa mwenyewe ndani yake, hata kofia haikuonekana! Aliporudi akasema, 'Nimeuona kwa macho yangu.' Haya, mshtakiwa!"

Adolfu alishika kichwa na kulegeza magoti. "Mwaka ule, Bwana..."

"Kimya! Jibu unachoulizwa!" aliunguruma aliyeigiza Bwana Shauri, na watoto wakacheka.

Kalista alisimama.

"Mwalimu, maneno hayo umeyatunga wewe?"

"Hapana. Ndivyo alivyosema baba yako."

"Mwaka ule nini?"

"Hakumaliza. Alinyamazishwa." Mwalimu aliitazama karatasi yake. "Nilidhani anatafuta kisingizio."

"Kisingizio!" Kalista alipaza sauti, na heshima yote ya darasani ikamtoka. "Mwalimu, mwaka jana pale hapakuwa na ulezi hata bua moja! Palikuwa na ntumba! Nililima mimi na mama na baba, mpaka mikono ikachubuka!"

"Ntumba ni nini?" Mwalimu aliuliza.

Watoto walitazamana. Kumbe mtu mzima, tena mwalimu, hajui ntumba! Wakamweleza wote kwa pamoja. Mwaka wa kwanza, wakati wa masika, Wafipa hukata nyasi na kuzifukia chini ya udongo, zikawa vilima vidogo vidogo vya duara, shamba zima. Juu yake hupandwa maharage. Nyasi huoza humo na kuwa mbolea. Mwaka wa pili ndipo vilima husambazwa na ulezi kupandwa. Ulezi ambamo Bwana Shauri alichuchumaa mwezi wa Aprili ulikuwa wa mwaka huu.

"Ni kweli, Mwalimu," Adolfu alisema, safari hii bila utani. "Mimi mwenyewe niliyakanyaga maharage yake mwaka jana, nikachapwa."

Mwalimu Eustaki alikaa chini, papo hapo kwenye vumbi. "Mungu wangu," alisema. "Nilikuwemo mle ndani. Nilisikia yote, na sikuuliza hata swali moja."

"Na ukatunga mchezo," Kalista alimwambia.

"Nikatunga mchezo," alikubali. "Nisamehe, Kalista. Jumapili utamwigiza baba yako wewe. Sentensi ile utaimaliza."

Jumapili uwanja ulijaa. Bwana Shauri alikaa kitini mbele, karibu na mapadri. Mama yake Kalista, Luciana, alikaa nyuma kabisa, kama alivyozoea tangu mumewe afungwe. Beda naye alikuwapo, ameegemea fimbo yake, anacheka na wenzake. Alikuwa amesikia kwamba ataigizwa, akavaa kanzu mpya.

Mchezo ukaenda mpaka pale pa shahidi. Kalista akasogea mbele.

"Mwaka ule, Bwana..."

"Kimya! Jibu unachoulizwa!"

"Sinyamazi!" Kalista alisema, na hakuwa akiigiza tena. Alimgeukia Bwana Shauri wa kweli. "Mwaka ule shamba langu lilikuwa ntumba. Ulezi uliouona wewe ulipandwa baadaye. Mtu alichuchumaa vipi ndani ya ulezi ambao haujapandwa?"

Bibi mmoja akapiga makofi kwa mshangao. "Haa! Kumbe Beda alisema hivyo? Ulezi? Mbona pale sote tulikwenda kusaidia kulima ntumba, tukanywa na pombe ya kazi!"

Bwana Shauri aliinuka, uso mwekundu. Kiswahili alikijua vizuri. "Nani alilima hapo mwaka jana?"

Mikono ikainuka, mmoja, kumi, thelathini. Beda alianza kurudi nyuma, lakini wenzake aliokuwa akicheka nao hawakumpisha.

"Beda! Uliona nini?"

"Sikuona kitu, Bwana." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikuwa pombeni. Fahali akapotea. Nilimwogopa Mzee Zubery, nikatafuta wa kumsingizia."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hiyo fupi ilikuwa imemla Kornel miezi mitatu.

Kornel alifunguliwa baada ya siku tisa, na Beda akaingia gerezani yeye. Bwana Shauri alituma barua ya mistari miwili. Pole haikuwamo.

Jioni aliyorudi nyumbani majirani wakafika na mtungi wa pombe ya ulezi. Walipiga vigelegele, wakamwita Kornel shujaa. Mwalimu Eustaki alikuja pia, akasimama pembeni.

Kornel aliutazama mtungi, asiuguse.

"Mlinipenda lini?" aliuliza. "Nilipofungwa, ni nani kati yenu alikuja bomani kusikiliza?"

"Tungejuaje alichosema Beda?" alijibu jirani mmoja. "Hakuna aliyetuuliza."

"Na nyinyi mlimuuliza nani?"

Mama Kalista alikuwa akilia kimya kimya, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili hakujificha.

"Baba, wafukuze!" Kalista alisema. "Waende na pombe yao!"

Kornel alimvuta binti yake akamkalisha karibu naye. Viganja vyake vilikuwa vimekwaruzika kwa kokoto.

"Siwafukuzi, mwanangu. Kesho tutahitaji mikono yao, nao watahitaji yetu. Ila hasira yako ni ya haki, itunze. Siku ukisikia mtu amefungwa, usiseme mwizi, wala usiseme hayanihusu. Nenda ukaulize." Akawageukia majirani, akamtazama kila mmoja usoni, na Mwalimu pia. "Aliyesema uongo alikuwa Beda peke yake. Mlionyamaza mlikuwa thelathini."