Nyuzi Katika Jicho la Mama

Kila mchana Evodie alipotoka shule, sauti ya cherehani ilimpokea kabla hajafika mlangoni. Mama yake, Mama Domitille, alikuwa fundi wa nguo, na katika mtaa wao wa Kalemie, ulioteremka mpaka karibu na ziwa, hakuna aliyemshinda kwa mshono ulionyooka. Yeye mwenyewe alijisifia jambo moja tu: alitunga uzi kwenye sindano mara ya kwanza, bila miwani, huku akipiga soga na wateja.

Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alimeza vidonge vyake kila asubuhi, na chai yake haikutiwa sukari hata chembe. Evodie aliionja siku moja akaitema.

Jumamosi moja walikwenda kuvuna mahindi ng'ambo ya mto Lukuga. Jani kavu la mhindi likamchapa Mama jichoni. Alilipikicha, akacheka, akaendelea kuvuna. Kesho yake jicho likawa jekundu na kutoka machozi.

"Nitaenda kituo cha afya," Mama alisema. Lakini vikwembe, vile vitenge vya sare ya wanakwaya, vilikuwa vimerundikana mezani vikingoja kushonwa, na sikukuu ya parokia ilikuwa inakaribia. Evodie akamwonea huruma. Akakimbia kwa jirani yao, Mama Florentine.

Mama Florentine alikuwa na kichupa cha matone ya macho. Baba yake alipewa kule Lubumbashi alipopasuliwa jicho. Mzee alipona, dawa ikabaki, na tangu hapo kichupa kile kikawa cha mtaa mzima. Kilizunguka nyumba kwa nyumba kama watu wanavyoombana chumvi, kisha kikarudi kukaa juu ya mtungi wa maji ili kipate ubaridi. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Kumnyima jirani dawa ndiko kungekuwa aibu.

"Kamata, mutoto wangu," Mama Florentine alisema. "Hii njo inaondoa wekundu mbio mbio."

Na kweli, haukupita muda jicho likawa jeupe. Wateja wakaanza kumtania Evodie: "Kumbe tuko na dokta hapa kwetu!" Kichwa kikamvimba msichana wa watu. Mama akasahau habari ya kituo cha afya, akarudi kwenye vikwembe vyake, na Evodie akaendelea kumtia matone asubuhi na jioni.

Kisha wekundu ukarudi, safari hii pamoja na maumivu makali. Mama hakuweza kutazama mwanga wa mlangoni. Katikati ya jicho pakatokea doa jeupe, dogo kama punje ya ufuta. Asubuhi alijaribu kutunga uzi, ukapita pembeni ya sindano. Akajaribu tena, ukapita pembeni tena. Aliifunika cherehani kwa kitambaa, na hapo ndipo Evodie alipoogopa kwelikweli.

Walikwenda hospitali. Daktari wa macho, Dokta Kalenga, alisoma kwenye kadi kwamba Mama ana sukari, kisha akalimulika jicho kwa muda mrefu.

"Mama, mumetia nini ndani ya jicho hili?"

"Maji safi tu, Dokta."

Evodie akageuka kumtazama. Mama akambana mkono. Evodie akaelewa: Mama hakutaka kumtaja jirani, wala kumwaibisha binti yake mbele ya mtu wasiyemjua. Na Evodie naye hakuwa na hamu ya kusema. Mtaa mzima ulimwita dokta. Leo akiri kwamba yeye ndiye aliyeharibu?

Dokta Kalenga akashika kalamu. "Basi nitawapa dawa ya kuua bakteria. Murudi kisha juma moja."

Evodie akalitazama lile doa jeupe. Akinyamaza, aibu yake itasalimika, lakini jicho la Mama je?

"Dokta, si maji," alisema. "Nilitia matone ya jirani. Ni mimi. Mama alikuwa na kazi nyingi." Akakitoa kichupa mfukoni.

Daktari akasoma maandishi ya kichupa, akaiweka kalamu chini.

"Umesema kwa wakati, mutoto. Dawa hii inatuliza wekundu. Mutu aliyepasuliwa inamusaidia, kama daktari anamufuata. Lakini inalaza kinga ya jicho. Na Mama yako iko na sukari, kinga yake ilikuwa imeregea tangu mbele."

Akalitia jicho ganzi, akakwangua kidogo sana pale penye doa, akapaka alichokwangua kwenye kipande cha kioo, akaenda nacho kwenye chumba cha hadubini. Baadaye akamwita Evodie achungulie. Evodie aliona nyuzi nyembamba zimesokotana, mfano wa zile zinazobaki chini ya cherehani.

"Hii njo kuvu," Dokta Kalenga alisema. "Ni ndugu ya ile inaota juu ya mihogo isiyokauka muzuri. Iliingia na jani la muhindi, na matone yenu yakaificha na kuiachia nafasi ya kuota. Dawa ya bakteria haiiwezi. Kwa juma moja jicho lingeweza kupotea."

Walipokaribia nyumbani, Mama alisimama. "Niliona haya kumutaja Mama Florentine," alisema. "Umenishinda, Evodie."

Dawa ya kuua kuvu ilitiwa kila saa mwanzoni, na Evodie alinawa mikono kwa sabuni kila mara. Mama alichunga chakula chake na vidonge vyake vya sukari. Vikwembe vya wanakwaya vilishonwa na fundi mwingine, jambo lililomuuma Mama karibu sawa na jicho. Mama Florentine alipopata habari alikuja analia, akakiomba kichupa chake, akakitupa chooni kwa mkono wake. Tangu siku hiyo anayemwomba matone hujibiwa: "Matone hayako. Kituo cha afya iko, twende nikusindikize."

Baada ya majuma mengi, daktari alisema kuvu imekwisha. Kovu dogo lilibaki. "Dawa ya mutu mwingine si dawa yako," aliwaambia alipowaaga. "Na daktari hawezi kutibu kitu munachomuficha. Ukweli wa huyu binti njo ulikuwa dawa ya kwanza."

Nyumbani, Mama aliifunua cherehani. Akalifunika jicho lisiloumwa kwa kiganja, akamtazama Evodie kwa lile lililougua.

"Naona sura yako. Naona hata kifungo cha gauni lako kilichokatika."

Kisha akachukua sindano na uzi, akajaribu mara mbili, akakosa. Evodie akainamisha kichwa, machozi yakimlengalenga. Mama akamwekea sindano mkononi.

"Usilie. Kukuona wewe bado naweza. Uzi utanitungia wewe."

Evodie akaulowesha uzi kwa ulimi, akautunga, na cherehani ikaanza kulia tena.