Kipande Kisicho na Kazi

"Kengele ya kwanza imelia," ilisema sauti ya bosi wake kwenye kifaa cha sikioni.

"Nimeisikia," Rula alijibu.

Kwa lugha ya idara yao ya usalama, maana yake adui alikuwa ameingia ndani.

Saa yake ya Casio ilionyesha saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Aliegesha gari la idara nyuma ya ukuta wa shule, akachomeka Glock kiunoni chini ya koti la mkaguzi wa elimu, akashuka. Jina la Rula alipewa na wenzake kazini kwa mgongo wake ulionyooka. Ni mtu mmoja tu duniani aliyemwita Dada.

Mtu huyo ndiye aliyemleta hapa. Mdogo wake wa tumbo moja alikuwa mwalimu wa kazi za mikono katika shule hii. Jana mchana alimpigia simu. "Dada, kuna kitu ndani ya hivi vishikwambi vya msaada. Njoo ukione mwenyewe."

Simu ikakatika.

Tangu hapo hakupatikana tena.

Mzee, bosi wake, alikuwa amemweleza yaliyobaki njiani. Shule thelathini na sita, vishikwambi elfu kumi na mbili, vyote zawadi ya shirika moja la nje. Saa nne kamili, mbele ya mgeni rasmi, vingewashwa kwa amri moja. Mchana watoto wangevibeba kwenda navyo nyumbani. Shule moja ilikuwa jirani na kambi ya jeshi, nyingine karibu na mitambo ya umeme, nyingine katikati ya nyumba za majaji. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mfadhili huyu aliwapenda sana watoto wa wakubwa.

"Tukizuia bila ushahidi tutaambiwa tunawanyima watoto elimu," Mzee alisema. "Lete ushahidi."

"Na mwalimu?"

"Ushahidi kwanza."



Uwanjani viti vilikuwa vimepangwa chini ya turubai, na masanduku yamesimama mstari mmoja. Pembeni palikuwa na HiAce nyeupe yenye vioo vyeusi, injini inaunguruma. Dereva wake alimtazama Rula kuanzia viatu hadi kichwa. Watoto mia saba walikuwa madarasani, na hakuna hata mmoja aliyesikika akikohoa.

Alikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya kazi za mikono, darasa la mdogo wake.

Wanafunzi arobaini wa darasa la saba walikaa wamefumbata mikono. Rafu zilijaa pasi, feni na redio zilizofunguliwa matumbo. Mwalimu hakuwepo. Rula aliwasoma nyuso: wamekatazwa kumtaja. Basi hakuuliza habari zake. Aliuliza tu walichojifunza mara ya mwisho.

Walitazamana. Kisha binti mmoja wa mbele, miwani yake imefungwa kwa waya, alimsogezea daftari.

Mwalimu wao, alieleza, alikuwa na utaratibu mmoja. Kitu chochote kinachoingia darasani kinafunguliwa, kinachorwa, halafu kila kipande kinaandikiwa kazi yake. Kunakili ubaoni marufuku. Usipojua, nenda ukatafute. Pasi iliwachukua siku moja, redio wiki nzima. Juzi aliwaletea kishikwambi kimoja kutoka kwenye sanduku la msaada.

Mchoro ulikuwa safi. Betri, kamera, kipaza sauti, kila kimoja na kazi yake pembeni. Chini ya betri palikuwa na kipande cha ukubwa wa ukucha, na mbele yake alama ya kuuliza.

"Wote arobaini tulikwama hapo," binti alisema. "Mwalimu akasema hakuna kipande kisicho na kazi. Tukakisogeza karibu na redio, ikaanza kukoroma. Na kishikwambi kilikuwa kimezimwa."



Rula aliwahi kukiona kipande kama hicho, kimechimbiwa ukutani kwa balozi mmoja. Kilikuwa sikio la pili lenye antena yake, linasubiri kuamshwa. Likishaamka, hata mzazi akizima kishikwambi na kukitupa kabatini, lingeendelea kusikiliza kila neno la sebuleni. Aliupiga picha ule mchoro kwa kalamu yenye kamera, akaituma.

"Imefika," Mzee alisema baada ya muda. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Zuia hiyo amri. Kwa namna yoyote."

Saa tatu na dakika arobaini na mbili.

Ofisi ya Mwalimu Mkuu ilinukia rangi mpya. Ratiba ya rangi nne ilibandikwa ukutani, na kando yake lilisimama kabati la chuma kizito. Mlango wake ulikuwa wazi nusu. Ndani mlikuwa na darubini ambazo plastiki yake haijawahi kuchanwa, na kompyuta zilizoletwa miaka sita iliyopita zikiwa katika maboksi yake. Ndivyo shule hiyo ilivyoendeshwa. Vifaa vya msaada haviguswi mpaka mgeni rasmi afike, na mgeni akishaondoka vinafungiwa visiharibike; vishikwambi tu ndivyo, kwa sharti la mfadhili, vingekwenda nyumbani. Mwenye shirika alilijua hilo vizuri, ndiyo maana hakuwa na wasiwasi kwamba kuna mtu angeshika bisibisi.

Rula aliweka kitambulisho mezani, cha idara safari hii. Mwalimu Mkuu alikisoma mara mbili. Alikiri haraka. Yeye mwenyewe ndiye aliyemshtaki mwalimu kwa wafadhili kwa kufungua mali yao, ili shule isije ikaharibikiwa jina. Wakaomba kumhoji. Akamkabidhi.

"Nilidhani watamwonya tu," alisema.

"Tangu jana mchana?"



Mlango ukafunguliwa bila hodi.

Mfadhili alivaa suti ya kijivu. Mkono mmoja alishika simu iliyo hewani, mwingine kishikwambi kikubwa. Alimtazama Rula usoni, akatabasamu.

"Mnafanana kidevu, wewe na mwalimu."

Alisema Kiswahili safi cha vitabuni, bila papara. Mwalimu yumo ndani ya HiAce. Dereva ana sindano, na simu iko wazi. Neno moja tu, sindano inaingia. Rula akitulia mpaka vishikwambi viamke, ndugu yake atashushwa akiwa mzima.

"Piga," Mzee alisema sikioni. "Rula, piga."

Hakupiga. Alimwona mdogo wake akiwa na miaka sita, amekaa sakafuni katikati ya vipande vya redio ya baba yao, na yeye Rula akisema ni mimi niliyeivunja. Alichapwa siku ile. Leo hii angekubali kuchapwa mara mia kuliko kuamua. Moyo wake ulitaka kumwacha mtu huyu abonyeze, na ulitaka hivyo kweli.

Mfadhili alimsoma, akaweka kidole gumba kwenye kioo. Hakuwa tena na haja ya kusubiri saa nne. Mstari mwekundu ulianza kujaa taratibu.

Sekunde kumi.

Tisa.

Nane.

Mwalimu Mkuu akasimama.

"Samahani, mheshimiwa," alisema. "Hicho ni kifaa cha msaada. Hakiguswi mpaka mgeni rasmi afike."

Akakipokonya, akakitupa ndani ya kabati, akabamiza mlango, akazungusha ufunguo.

Amri ilikatikia njiani. Hata kama ingekuwa imejaa, mawimbi yake yasingepenya kile chuma. Mwalimu Mkuu hakujua habari za mawimbi. Alijua kufungia vitu, na kazi hiyo aliifanya miaka ishirini.

Mfadhili alibaki ameduwaa, na Rula hakumpa muda zaidi. Alimkamata kiwiko, akakikunja, simu ikaanguka. Lakini neno lilikuwa limeshamtoka mdomoni.

Nje, injini ya HiAce ikanguruma.

Rula alimfunga pingu kwenye mguu wa meza, akatokea dirishani. Gari lilikuwa linakimbilia geti, na ng'ambo yake palikuwa na ukuta mtupu, hapana mtoto wa kupigwa na risasi. Alipiga goti.

Risasi mbili.

Gurudumu la nyuma lilipasuka, gari likayumba, likajigonga ukutani. Dereva alichoropoka mguu niponye, akajikuta anatazamana na mdomo wa Glock. Akainua mikono.

Rula alivuta mlango wa pembeni, roho mkononi.

Mdogo wake alilala kati ya viti, mdomo umezibwa kwa utepe wa gundi, vidole vitatu vya mkono wa kulia vimevimba na kupinda. Sindano ilikuwa sakafuni, bado imejaa; dereva alikuwa amechagua kukimbia kwanza. Alikuwa anapumua. Rula alimbandua utepe ule na machozi yakamtoka bila aibu.

"Dada. Watoto je?"

"Wako darasani. Wazima."

"Wasiadhibiwe. Mimi ndiye niliyewaambia wafungue."

Saa nne ilipofika, mdogo wake alikuwa ndani ya gari la wagonjwa, mfadhili ndani ya pingu, na katika shule zote thelathini na sita askari walikuwa wamekalia masanduku. Wataalamu wa idara walikuja kukichukua kile kilichomo kabatini. Mgeni rasmi aligeuzwa njiani.

"Kazi nzuri," Mzee alisema sikioni. "Limebaki jambo moja. Yale madaftari arobaini. Yakusanye yachomwe."

"Kwa nini?"

"Watoto wanaojua kufungua vifaa vya wageni leo, kesho watafungua vyetu."

Rula alitembea hadi karakana, akasimama mlangoni.

Mwalimu Mkuu alikuwa mbele ya darasa na darubini moja, plastiki yake imechanwa. Aliishika vibaya. Aliwaambia wanafunzi kwamba hajui inavyofanya kazi, akauliza nani angependa kuanza kuifungua. Hakuna aliyethubutu mwanzoni. Kisha binti mwenye miwani akasimama, na wengine wakafungua kurasa mpya.

"Umeyaona?" Mzee aliuliza.

Rula aliyatazama madaftari arobaini.

"Hakuna kitu hapa, Mzee. Wananakili ubaoni tu, kama shule nyingine zote."



"Sawa," Mzee alisema. Hilo aliweza kuliamini.

Rula aliurudisha mlango taratibu, akafunga vifungo vya koti, akaelekea getini.