Mizunguko Miwili Iliyobaki

Jumatatu hiyo jua lilitoka vizuri, na Mama Povu alishukuru, maana jezi zisipokauka Jumatatu wiki nzima inaharibika. Mama Povu ni jirani yetu. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kufua, kukunja na kutunza vifaa vya timu. Jina hilo walimpa wachezaji. Mwaka wa kwanza alilichukia, wa pili akalizoea, na siku hizi ukimwita jina lake la kweli wala hageuki.

Njiani watu walikuwa wamemtania mpaka basi. Muuza magazeti alimwuliza kama jezi anazifua kwa mafuta, mbona wachezaji wanateleza vile. Jumamosi timu ilikuwa imefungwa tena, mechi ya tisa mfululizo. Mama Povu alicheka kidogo, akapita. Moyoni alikuwa anaumia, kwa sababu kocha wa timu hiyo ni mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, na Alhamisi kamati ingekaa kuamua kama imtimue au imbakishe. Wajumbe wa kamati walikuwa saba. Mmoja wao, mwakilishi wa wafanyakazi, alikuwa yeye.

Alimwaga mfuko wa jezi kwenye sakafu ya stoo, akaanza kuhesabu kwa mkono bila hata kuangalia. Wachezaji wote wana tabia moja mbaya: wanavua jezi kwa haraka na kuzitupa zikiwa ndani nje, na kazi ya kuzigeuza ni yake na mgongo wake. Akageuza moja, akageuza nyingine. Kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane. Jezi kumi na nane zilikwenda uwanjani na kumi na nane zimerudi. Hapo alitakiwa aukunje mfuko aendelee na kazi. Lakini mkono ulikuta nyingine chini kabisa, imelowa chapachapa.

Akaivuta. Hii haikuhitaji kugeuzwa. Ilikuwa imegeuzwa tayari, vizuri, na mikono imelazwa kifuani. Namba sita.

Mama Povu hakupiga kelele. Aliinuka akaenda kwenye kabati la chuma, akafungua kufuli kwa ufunguo anaouvaa shingoni. Rafu ya juu, alipoiweka jezi ile Jumatatu iliyopita ikiwa safi na kavu, ilikuwa tupu. Akarudi akaishika tena. Ilikuwa na jasho. Ilikuwa ya moto, kama mtu kaivua sasa hivi.

Ilikuwa mara ya tisa.

Namba sita alikuwa kijana waliyemwita Sindano. Mama yake ni fundi cherehani, na pasi zake zilipenya mahali ambapo wewe uliyekaa jukwaani ungeapa hapapiti kitu. Sindano alikuwa na adabu zake. Katika timu nzima ni yeye peke yake aliyekuwa anageuza jezi kabla ya kuiweka mfukoni. "Mama Povu, mgongo wako nauhitaji," alikuwa akisema, "nani atanifulia nikiwa mzee?"

Hakufika huko. Miezi miwili na kidogo kabla ya Jumatatu hiyo alichelewa mazoezini, na Kocha akampa adhabu ya mizunguko kumi ya uwanja. Ilikuwa saa sita mchana. Mama Povu alikuwa nyuma ya uzio anaanika, Kocha amesimama kando ya uzio anahesabu mizunguko, wachezaji wengine wako goli la mbali. Sindano alipita mara nane. Baada ya mara ya nane akasimama hapo hapo, upande wa pili wa uzio, ameshika kifua.

"Kocha, kifua kinanibana."

"Mchelewaji gani kifua hakimbani? Maliza mizunguko yako kwanza, halafu uje tuongee."

Kijana akaondoka. Alipiga hatua nne, labda tano, akaanguka uso kwenye nyasi. Daktari alisema ni moyo.

Kamati ilipouliza, Kocha alisema kijana hakulalamika hata kidogo. Wakamgeukia Mama Povu. Wewe ulikuwa karibu, ulisikia lolote? Alimtazama mdogo wake. Alikumbuka mtoto wa miaka miwili aliyembeba mgongoni siku waliyomzika mama yao, yeye mwenyewe akiwa na kumi na moja. Akasema, "Sikusikia kitu."

Na kuna jambo la pili, ambalo lilimtesa kuliko hata hilo. Nguo za marehemu zilirudi kutoka hospitali ndani ya mfuko, zikafikia stoo, na Mama Povu akazifua. Hakufikiri. Jezi chafu ni ya kufuliwa, mikono yake haijui kitu kingine. Siku mbili baadaye mama yake Sindano alikuja kuitaka jezi aliyokufa nayo mwanawe. Akapewa, imekunjwa, inanukia sabuni. Yule mama akaipeleka puani, akakaa nayo hivyo muda mrefu.

"Umeifua," alisema.

"Nimeifua, dada."

"Lilikuwa limebaki jasho lake tu. Na hilo nalo umelimwaga."

Aliiweka mezani akaondoka zake. Mama Povu akaifungia kabatini. Wiki iliyofuata timu ikafungwa, na Jumatatu yake jezi ikaonekana mfukoni, imelowa. Akaifua, akaifungia. Wakafungwa tena, ikarudi tena. Mtaani watu wakasema timu imerogwa. Mwenyekiti, msomi mzima na miwani yake, alimwamuru mlinzi wa uwanja achimbe nyuma ya magoli yote mawili kutafuta kilichofukiwa. Mlinzi alichimba siku nzima akapata vizibo vya soda na meno ya bandia ya mtu. Lakini Mama Povu alijua tangu mwanzo kwamba hakuna aliyefukia kitu.

Jumatatu hiyo, kwa mara ya kwanza, hakuifua. Aliiweka kwenye ndoo, akafunika.

Jumatano mdogo wake alimfuata stoo. Alikuwa amekonda, kola ya shati inamzunguka shingo. Alikaa juu ya gunia la mipira.

"Dada, nimeshapiga hesabu. Watatu wako na mimi, watatu wananitaka niondoke. Umebaki wewe."

"Najua."

"Wanangu wanne wanasoma. Wakinitimua na mechi tisa hizi mgongoni, nani atanichukua?" Akamshika upindo wa kanga. "Ulinilea wewe. Usiniache sasa."

Mama Povu alitaka kumjibu. Ilikuwa karibu saa sita. Nje, kwenye uwanja usio na mtu, viatu vilianza kukimbia.

Alivizoea. Alivisikia karibu kila mchana, na alikuwa hajamwambia mtu. Vinapita kando ya uzio, vinakwenda, vinarudi. Lakini sasa alimwona mdogo wake ameinamisha kichwa, na midomo yake inahesabu. Tano. Sita.

"Na wewe unasikia?" alinong'ona.

"Unafikiri kwa nini nilihamishia mazoezi asubuhi?"

Saba. Nane. Kisha viatu vikasimama. Vilisimama nje ya ukuta, pale pale. Wote wawili walisikia mtu anahema.

Walisubiri mpaka kukatulia. Kocha aliona ndoo, akafunua, akaifunika upesi. "Ifue hiyo," alisema.

"Tangu ianze kurudi nimeifua mara nane, mdogo wangu."

Alhamisi kamati ilikaa saa tano asubuhi kwenye chumba cha mikutano, dirisha likitazama uwanjani. Kocha aliitwa akaketi mwisho wa meza. Chini, mlinzi alikuwa anachora mistari ya uwanja kwa chokaa ya maji, tayari kwa mechi ya Jumamosi. Mama Povu alikuja na ndoo yake, akaiweka kati ya miguu. Mwenyekiti aliuliza kama ameleta maji ya kupigia deki. Wengine wakacheka.

Walibishana kweli kweli. Mmoja alisema kocha ambaye timu yake haijafunga goli mwezi mzima, hana la kujitetea. Mwingine akajibu kwamba mshambuliaji wao mmoja ni majeruhi na wa pili ni mvivu, je, hao nao kocha ndiye aliyewazaa? Mmoja akasema kumtimua katikati ya msimu ni kubomoa nyumba mvua ikinyesha. Mwingine akagonga meza: nyumba yenyewe imeshaanguka! Maneno yalikuwa mengi, na hakuna aliyemtaja Sindano. Mama Povu alisubiri kwa saa nzima mtu amtaje. Walipiga kura. Tatu kwa tatu.

"Mama Povu," alisema Mwenyekiti, "tunakusubiri wewe. Na tunajua ni ndugu yako, hatutakulaumu."

Aliinuka. Akaitoa jezi kwenye ndoo akaitandaza mezani, juu ya karatasi zao. Siku tatu zilikuwa zimepita na ilikuwa bado ya moto. Waliokaa karibu walirudisha viti nyuma.

"Aondoke," alisema. "Siyo kwa sababu ya kufungwa. Timu zote zinafungwa. Aondoke kwa sababu yule mtoto alimwambia kifua kinambana, naye akamwambia maliza mizunguko yako. Nilisikia. Mliniuliza nikasema sikusikia. Nilidanganya, na mimi kazi nawaachia leo hii."

Kocha hakubisha. Alimtazama dada yake kama mtoto aliyepigwa bila kujua kosa lake, halafu akatazama meza.

Saa sita ilifika.

Viatu vilianza. Safari hii vilisikika kwa wote. Hakuna aliyesogea. Hakuna aliyetazama dirishani. Mwenyekiti alivua miwani akaishika mkononi. Moja. Mbili. Walisikiliza mizunguko yote, watu wazima wanane. Saba. Nane.

Vikasimama.

Kisha yule anayehema.

Kocha aliinuka. Alivua viatu, akavua soksi, akaziingiza ndani ya viatu kama alivyofundishwa utotoni. Akashuka ngazi. Walimwona akikatiza uwanja hadi kando ya uzio, akasimama, akasema kitu ambacho hakuna aliyekisikia. Akaanza kukimbia.

Alikimbia polepole, mtu wa miaka arobaini na minane mwenye tumbo. Alizunguka mara moja. Mara kwa mara alijikaza akageuza uso kulia, kama mtu anayemwangalia mwenzake yuko wapi. Mzunguko wa pili alikuwa analia kwa sauti, na sauti ilifika juu. Alimaliza kando ya uzio, akapiga magoti, akakaa hapo. Baadaye aliinuka, akaweka filimbi yake juu ya nguzo ya bendera ya kona, akatoka getini pekupeku. Hakutazama dirishani. Mpaka leo dada yake akimpigia simu hapokei.

Mlinzi ndiye aliyeanza kupiga kelele. "Chokaa yangu! Mmenikanyagia chokaa mbichi!" Halafu akainama kutazama chini.

Walishuka. Kando ya mstari mweupe kulikuwa na nyayo za miguu mitupu, mizunguko miwili kamili. Pembeni yake, upande wa kulia, hatua kwa hatua, kulikuwa na alama za viatu vya kuchezea mpira, zile tundu ndogondogo za meno ya soli. Nyayo za miguu mitupu ziliishia kwenye uzio kabla ya kwenda getini. Zile za viatu hazikusimama pale. Ziliendelea, nyeupe, zikatangulia kutoka, zikashika barabara.

Mama Povu hakusubiri Mwenyekiti aseme lolote. Aliifunga jezi kwenye kanga yake na kwenda kwa mama yake Sindano.

Alimkuta kwenye cherehani, mguu uko juu ya kanyagio lakini haukanyagi. Akampa jezi. "Hii sijaifua, dada."

Yule mama aliipeleka puani. Mabega yakaanza kutikisika. Alilia bila sauti, uso wote ndani ya jezi, na Mama Povu akakaa chini sakafuni akamweleza kila kitu: alichosikia, alichokana, na kwa nini.

"Sijui kama nitakusamehe," yule mama alisema alipopata sauti. "Sijui. Lakini usiondoke kwanza." Aliishusha jezi kifuani. "Kabla hujaja, mlango ulifunguka wenyewe. Nikadhani ni upepo. Niliogopa kugeuka."

Akanyoosha kidole.

Nyuma ya mlango, kwenye msumari, vilining'inia viatu vya mpira vya marehemu. Vilikuwa hapo tangu mazishi, kamba zake zimefungwa fundo moja na vumbi la miezi miwili limelala juu ya ngozi. Mama Povu alisogea. Akavigeuza. Nyayo zilikuwa nyeupe. Aligusa kwa kidole, na chokaa ikamshika, mbichi. Tone moja lilidondoka sakafuni.

Mama yake Sindano alikuwa bado ameikumbatia jezi. Aliuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayemuuliza mwalimu habari za mwanawe.

"Alimaliza?"

"Alimaliza, dada," alisema Mama Povu. "Yote kumi."