Jibu la Kaunta

Duka lilifurika watu siku fundi friji alipommwagia soda ya machungwa dada wa kaunta ya malalamiko, kwenye blauzi nyeupe iliyonyooshwa ikanyooka.

"Mungu wangu! Samahani, dada!"

"Usijali, kaka," alijibu akitabasamu, soda ikimchuruzika hadi kiunoni.

Tabasamu hilo ndilo lililommaliza fundi. Wakapendana. Fundi akichelewa, "Samahani, mpenzi." "Usijali." Akisahau siku ya kuzaliwa ya dada, "Nisamehe, malaika." "Usijali." Fundi akajiona amepata mwanamke asiye na kinyongo, kumbe mwenzake anameza hasira kama vidonge vichungu.

Ikaja Jumapili ya kujitambulisha kwa mama yake dada. Fundi hakutokea. Jioni akapiga simu.

"Mpenzi, samahani, kazi ilinibana."

"Usijali." Simu ikakatwa, na baada ya hapo haikupokelewa tena.

Jumamosi fundi akapanga foleni kama wateja wengine. Zamu yake ilipofika, akanong'ona, "Si nimeomba samahani, nawe ukasema nisijali?"

Dada akapiga kaunta kwa kiganja.

"Kutwa watu wananiletea samahani zao hapa, nawajibu usijali kwa sababu nalipwa! Wewe unanilipa? Mama alikaa sebuleni na gauni jipya mpaka giza likaingia. Kila gari likipita, anachungulia dirishani. Niliumia! Mpaka sasa naumia!"

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Haya, ulikuwa wapi?"

"Getini kwenu. Nikawaona shangazi zako wamejipanga kibarazani, miguu ikagoma. Nikarudi."

"Kumbe na uongo juu!"

"Na uongo juu. Niliogopa watanikataa, nikukose."

"Kaka, usiondoke," akadakia mama mmoja aliyekumbatia pasi iliyoungua. "Aliyekuchoka hapotezi sauti yake hivyo."

Dada akavua beji, akamwachia mwenzake kaunta, akachukua mkoba.

"Twende kwa mama. Ukamwambie hayohayo, shangazi wakisikia."

"Umenisamehe?"

"Bado. Na mama atakufokea, nami sitamzuia."

"Anifokee. Akimaliza, naweza kuomba nikuoe?"

"Tembea!" akafoka, akimkamata mkono kwa nguvu, na hakuuachia hadi mlangoni kwa mama yake.